Mkutano wa Kuacha Pombe Ufuate Saa za Ziwa

Mhadhara kwa viongozi wa fukwe, wahudumu wa afya na wananchi wa kisiwa cha Rusinga, kaunti ya Homa Bay

Walioandaa kikao hiki wameniheshimu kunipa ukumbi, lakini wamefanya jambo kubwa zaidi kuliko hilo: wamekiweka kikao katika siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa omena, yaani dagaa, hawatoki. Ndiyo maana viti vya nyuma vimejaa vijana wa mitumbwi. Tafadhali mlikumbuke jambo hilo, kwa sababu hoja yangu kuu imesimama juu yake.

Kusudi langu ni moja. Yuko mtu wa Rusinga, mwanamume au mwanamke, ambaye ameamua kwamba pombe imemshinda na anataka kuiacha. Aende wapi? Aketi na nani? Nitaeleza mikutano ya kusaidiana ni nini, inapatikana wapi, na kwa nini naamini kwamba mkutano utakaomfaa mtu wa kisiwa hiki ni ule utakaofanyika ufukweni, kwa saa za ziwa, ukiendeshwa na wenyewe walioacha. Sikuja kuwahubiria wanaokunywa. Wameshahubiriwa vya kutosha, na wengi wao wanajua ubaya wa pombe kuliko sisi tunaowaonya.

1. Kikundi kinasaidia kweli

Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa mambo ya hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Biashara iliyompeleka huko ikaharibika, naye akabaki peke yake hotelini, kiu imempanda. Akapiga simu kwa mchungaji mmoja wa mji ule, na hakuomba fedha wala maombi. Aliuliza kama kuna mlevi anayeweza kuzungumza naye. Hatimaye akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa karibu imalize kazi yake. Wakaketi, wakasimuliana. Siku ambayo daktari yule alikunywa mara ya mwisho, tarehe 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama cha AA (Alcoholics Anonymous), ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi sana duniani, Kenya ikiwamo.

Wenzangu, angalieni vizuri alichokitafuta Wilson. Hakumtafuta wa kumwokoa. Alitafuta wa kumsaidia, kwa sababu aligundua kwamba anapomsikiliza mlevi mwenzake, kiu yake mwenyewe inapungua. Msemaji na msikilizaji wanatibiwa kwa mazungumzo hayohayo. Ndiyo maana mtaalamu hata akiwa mwema kiasi gani hawezi kuchukua nafasi ya mtu aliyewahi kuamka alfajiri mikono ikimtetemeka, akatafuta glasi ya kutoa loki, yaani uchovu wa pombe ya jana, kabla ya kunawa uso.

Watu wa sayansi walitilia shaka mambo haya kwa miaka mingi, na walikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 2020 jopo la watafiti likiongozwa na John Kelly wa Marekani lilikusanya tafiti 27, zenye washiriki zaidi ya 10,000, likazichapisha katika mfululizo wa tathmini za Cochrane. Jibu lao lilikuwa kwamba tiba inayomwelekeza mtu kwenye mikutano ya AA kwa utaratibu huwafanya wengi zaidi waache pombe kabisa kwa muda mrefu kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo.

Najua mtasema hayo ni ya Wamarekani. Basi twendeni Eldoret. Huko, katika kliniki za mpango wa AMPATH, mwanasaikolojia Rebecca Papas na wenzake wa Kenya walitengeneza mafunzo ya vikundi kwa watu wanaoishi na VVU na wanaokunywa kupita kiasi. Vikao vilikuwa sita, kimoja kila wiki, dakika 90 kila kimoja, kwa Kiswahili. Wanaume walikaa peke yao na wanawake peke yao. Walioviongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa washauri wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Katika jaribio la kwanza, lililokuwa na watu 75 na kuchapishwa mwaka 2011, siku 90 baadaye asilimia 69 ya waliokaa vikundini walisema hawanywi, wakati waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 38. Jaribio kubwa lenye watu 614 likafuata, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021, na likathibitisha kwamba kikundi kilipunguza unywaji kwa miezi tisa iliyofuatiliwa. Mafunzo ya Eldoret hayakuwa AA. Yalikuwa na mwalimu na mtaala. Lakini yanatuonyesha kwamba Mkenya, kwa lugha anayoielewa, chini ya uongozi wa mtu asiye na shahada, anaweza kuketi kwenye duara na wenzake na akabadilika.

2. Hospitali kabla ya mkutano

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili linaua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miezi au miaka asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa mara moja unaweza kuleta degedege katika siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akatoka jasho, akaona wadudu na watu wasiokuwapo, moyo ukaenda mbio. Wengi wetu tumeyaona hayo tukadhani ni pepo au ni kurogwa. Ni ugonjwa, dawa zake zipo, na akicheleweshwa anaweza kufa.

Basi mlevi wa kila siku apelekwe kwanza hospitali ya Mbita, aseme ukweli anakunywa kiasi gani, na apimwe. Anayetumia dawa za VVU aseme pia, maana pombe humsahaulisha mtu dawa zake. Mkutano una nguvu ya kumsaidia mtu asirudie pombe. Hauna nguvu ya kuzuia degedege.

3. Msaada unapatikana wapi leo

Namba ya simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Haitozwi hela na hupokewa usiku na mchana. Anayepokea humsikiliza mtu na kumwelekeza kwenye huduma iliyo karibu naye. Iandikeni kwenye ukuta wa kila banda la samaki.

Katika kaunti yetu hii kuna kituo cha tiba cha Asumbi, kilichoanzishwa na Wakatoliki, ambacho ni miongoni mwa vituo vikongwe vya kutibu ulevi nchini. Anayehitaji kulazwa kwa miezi anaweza kuanzia hapo. Lakini kulazwa kuna gharama, na baharia wa omena akiondoka miezi mitatu nafasi yake mtumbwini inachukuliwa na mwingine. Tena mtu hutoka kituoni akiwa mzima, akashuka Mbita, akavuka daraja, na wa kwanza kumlaki ni walewale aliokunywa nao. Asipokuwa na kikundi cha kumpokea, wiki ya kwanza tu inatosha kumrudisha alikotoka.

Mikutano ya AA yenyewe imekuwako Nairobi kwa miaka mingi, na tangu janga la korona mwaka 2020 mingi hufanyika pia kwa simu. Mwenye simu ya intaneti anaweza kuketi hapa Rusinga na kuhudhuria mkutano wa Nairobi. Naisifu njia hiyo, hasa kwa anayeanza na anayeogopa kuonekana. Hata hivyo sauti ya mtu wa Nairobi haitamkuta baharia saa tatu asubuhi, fedha mkononi, amesimama hatua chache kutoka kwa mama pima, muuza chang'aa. Lazima awepo mtu wa palepale.

4. Saa ya mkutano ni saa ya ziwa

Hii ndiyo hoja niliyoijia. Vikundi vingi vya mijini hukutana jioni, baada ya watu kutoka ofisini. Mtu akiuleta mpangilio huo Rusinga, akatangaza mkutano kila Jumanne saa moja usiku, atakuta viti vitupu, halafu ataondoka akisema wavuvi hawataki kupona. Wavuvi watakuwa majini.

Nyinyi mnaijua kazi hii kuliko mimi, nami nitaieleza kwa ajili ya wageni wetu. Omena huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, zamani zikiwa za karabai na sasa nyingi za jua, omena wakaufuata mwanga, wavu ukawazunguka. Mitumbwi hurudi alfajiri. Asubuhi hiyohiyo kina mama hununua, mwenye mtumbwi hutoa sehemu yake, na mabaharia hugawana kinachobaki. Kwa hiyo baharia hupata fedha taslimu asubuhi, akiwa amechoka, amelowa, ana baridi, na hajalala. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliagiza baa zifunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi. Chang'aa ya ufukweni haiijui sheria hiyo. Inamsubiri baharia pale anapokanyaga mchanga.

Basi mkutano wa siku za giza ufanyike asubuhi, mara tu baada ya mgao, kabla ya usingizi. Uwe mfupi, nusu saa inatosha, na pawe na chai ya moto na kitu cha kutia tumboni, kwa sababu nusu ya kiu ya asubuhi ni njaa na baridi. Atakayefika pale na fedha zake azikabidhi kwa mke, mama au mweka hazina wa chama chake kabla hajatoka. Na hili la chai msilidharau. Kama BMU, kitengo cha usimamizi wa ufuko, ina fedha za kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya kazi hii, inunue birika kubwa.

Siku za mbalamwezi mambo yanageuka. Usiku unang'aa, taa haziwavuti omena, mitumbwi hulala, na kijana mwenye nguvu hana la kufanya siku kadhaa mfululizo. Hapo ndipo wengi walioacha huanguka. Siku hizo mkutano uwe wa kila siku, alasiri, na mrefu. Vivyo hivyo miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai: mfuko mtupu humkasirisha mtu, na mtu mwenye hasira hupewa glasi ya mkopo bila kuomba. Wavuvi wa mbuta na ngege wana saa zao nyingine. Kila ufuko upange kulingana na watu wake. Litare haihitaji kufuata ratiba ya Luanda Rombo.

Mfano wa kufuata saa za watu tunao hapahapa: Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko pale Kasawanga, alikuwa mkaguzi wa afya katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi alipoanza kazi ya vyama vya wafanyakazi, na alianza na walewale aliofanya nao kazi. Kufikia mwaka 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama nchini, na umri wake ulikuwa miaka 23. Aliwajua watu wake kwa sababu alishiriki saa zao. Namtaja kwa sababu hiyo tu.

5. Siri katika kisiwa ambacho watu wote wanajuana

Mama mmoja aliniuliza kabla hatujaingia ukumbini: "Mwalimu, siri gani hapa? Nikikohoa Kamasengre, Waware wanasikia." Swali lake ni zito, na ndilo linalowazuia watu wengi.

Mjini mtu anaweza kuficha sura yake, akaingia chumba ambacho hakuna anayemjua. Hapa haiwezekani, na tusijidanganye. Tunachoweza kuficha ni maneno. Kikundi kiweke agano kwamba atakayeonekana ameonekana, lakini alichosema hakitoki nje: si kwa mke wake, si kwa mchungaji, si kwa mwajiri wake, si kwa mwenye mtumbwi. Atakayevunja agano hilo aondolewe bila mjadala, hata akiwa ndiye mwanzilishi. Majina ya watu yasiandikwe kwenye daftari. Picha zisipigwe, hata na mfadhili.

Hatuanzi jambo geni. Mwaka 2014 ripoti ya taifa iliweka maambukizi ya VVU katika kaunti hii karibu asilimia 26, na katika miaka ile migumu watu wa ufuko huu walijifunza kuketi katika vikundi vya wanaoishi na virusi, wakasemezana mambo ambayo hakuna aliyedhani yatasemwa hadharani. Waliojifunza kutunza siri hizo wako humu ukumbini. Hao ndio walimu wetu wa kwanza, wala hatuna haja ya kumleta mtu kutoka mbali.

Chifu wetu, naomba uniruhusu nikugeukie wewe. Kazi yako ni kuzuia pombe haramu, na watu waliokufa kwa pombe ya sumu kule Kangai, Kirinyaga, mwezi wa Februari 2024 wanatosha kutuambia kwamba kazi hiyo ni ya lazima. Lakini siku mtu anayekunywa chang'aa, au mama anayeipika, atakapokamatwa akitoka mkutanoni, hakuna atakayekanyaga pale tena kwa miaka mingi. Tunaomba ahadi yako mbele ya watu hawa: saa ya mkutano, na njia ya kwenda na kurudi, isiwe mahali pa msako.

Na waheshimiwa wa siasa, tunawapenda, ila msitoe mchango. AA ilijiwekea mapema mwiko wa kupokea fedha za nje. Wanachama huchangia wenyewe kile kidogo walicho nacho, na hakuna ada ya kuingia. Mwiko huo ndio uliokiweka chama kikawa cha wenyewe. Kikundi kikipokea bahasha ya mgombea, kesho kitaitwa kikundi chake, na mfuasi wa mpinzani wake hatakuja kutibiwa.

6. Kina mama

Tunapotaja mlevi huwa tunamwona mwanamume. Wako wanawake wanaokunywa, wengi wakijificha, na aibu yao ni mara mbili. Wasiwekwe kikao kimoja na wanaume. Hapa ufukweni, ambako jaboya, yaani kumtaka mwanamke ngono ili apate samaki, ingali inaumiza, mwanamke hatafungua moyo wake mbele ya mwanamume anayemuuzia samaki. Eldoret walilijua hilo, nasi tulifuate.

Wako pia wapishi wa chang'aa. Wengi ni wajane wenye karo ya shule ya kulipa. Mkutano wa kuacha pombe hauwezi kuwaita maadui, maana baadhi yao wanataka kuacha kuipika na kuinywa pia. Chama cha akina mama kinachowakopesha wenzao mtaji wa omena kitafanya kazi kubwa hapa kuliko hotuba yoyote.

Na wake wa walevi, pamoja na wazazi wao, wanahitaji kikao chao. Mwaka 1951 Lois, mke wa Bill Wilson yuleyule, na mwenzake walianzisha Al-Anon kwa ajili ya jamaa, kwa kuwa waliona kwamba mume anaweza kuacha pombe na nyumba ikabaki mgonjwa.

7. Siku ya kwanza

Anayekuja mara ya kwanza hatahojiwa. Sharti la AA la kuwa mwanachama ni moja: awe na hamu ya kuacha kunywa. Ataketi. Mtu atasimulia ilivyokuwa, kilichotokea, na alivyo leo. Akitaka atasema, asipotaka atanyamaza, na kunyamaza wiki tatu si kosa. Baada ya muda atachagua mdhamini, mtu aliyetangulia kuacha, ambaye anaweza kumpigia simu usiku wa manane. Mdhamini awe wa jinsia yake, na si mkubwa wake kazini.

Zile hatua kumi na mbili za AA zinamtaja Mungu kadiri kila mtu anavyomwelewa. Msabato, Mkatoliki, wa Legio Maria na Mwislamu wanaweza kuketi pamoja, mradi asitokee mmoja wa kugeuza mkutano kuwa ibada yake. Wachungaji, tupeni vyumba vyenu, na mtuachie uongozi.

Akianguka, arudi. Hili nawaambia hasa ninyi mtakaoongoza. Mtu aliyekunywa jana akija leo asubuhi hajalewa, mpeni kiti na chai, asisomewe makosa yake. Wengi wanaopona waliwahi kuanguka, na walichokuwa nacho ni mahali ambapo mlango haukufungwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia na kazi iliyo mbele yetu. Mwezi utaanza kufifia siku chache zijazo na mitumbwi itarudi majini. Naomba kabla ya usiku wa kwanza wa giza kila BMU ya kisiwa hiki itenge banda moja, itaje saa ya asubuhi, na itafute watu wawili walioacha pombe walio tayari kufungua. Wawili wanatosha, Akron walikuwa wawili. Wauguzi wa Mbita, tunaomba mtueleze ni siku gani za wiki mtu wetu aje kupimwa kabla ya kuacha. Washauri waliofundishwa kwa njia ya Eldoret wanaweza kualikwa baadaye kuwafundisha viongozi wetu, nasi tutawaandikia barua kwa pamoja kama fukwe zote, wala si ufuko mmojammoja. Baada ya miezi sita tukutane tena, katika mbalamwezi, tuhesabu ni mabanda mangapi bado yana mkutano.

Na aliye humu ambaye hoja hizi zote zinamhusu yeye mwenyewe, nitabaki kwenye ngazi za ukumbi hadi wa mwisho atoke. Asiyetaka kuonekana nami apige 1192 usiku wa leo.